Ana Miaka 21, na Bado Mnamlaza Chini

Jumamosi moja nilimkuta kijana wetu mmoja pale Owino, upande wa mitumba, amekaa juu ya robota badala ya kulibeba. Kila wikendi anabebea wafanyabiashara mizigo ili apate fizi. Siku hiyo mgongo ulikataa. Ijumaa alichapwa fimbo kumi kwa kosa la kuchelewa, amelala kifudifudi kwenye vumbi, watoto wa miaka 13 wakihesabu. Baadhi yao ndio anaowafundisha hesabu jioni. Yeye ana miaka 21. Yuko S.2.

Ninyi wa Nakivale na Kyangwali hamtaniuliza mtu wa miaka 21 anafanya nini S.2. Vita inakula miaka mitatu, njia inakula mmoja, halafu unafika Uganda na Kifaransa chako, wanakurudisha shule ya msingi ujifunze Kiingereza. Hakuna uvivu hapo.

Nilimpeleka kwenye ofisi ya shirika moja. Waliuliza umri kabla ya kuuliza kilichotokea. "Huyu si mtoto," wakasema, "sisi tunashughulikia ulinzi wa watoto." Nikaenda shuleni. Mwalimu wa nidhamu naye akaniambia eti sheria ya kukataza fimbo ni ya watoto, huyu ni mwanaume, avumilie. Yaani akitafuta msaada, yeye ni mtu mzima. Fimbo ikimtafuta, yeye ni mtoto!

Nusu ya maneno yao ni kweli. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza kumchapa mtoto shuleni, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mwalimu anayeivunja anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Lakini ni wapi imeandikwa kwamba ukifikisha 18 fimbo inaruhusiwa? Hakuna. Katiba ya 1995, ibara ya 24, inasema hakuna mtu atakayeteswa, wala kutendewa au kuadhibiwa kikatili au kwa kudhalilishwa. Imesema mtu. Haikusema mtoto, haikusema raia. Ibara ya 44 inaongeza kwamba haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote. Na katika kesi ya Kyamanywa, Mahakama ya Katiba ilikataa hata viboko vilivyotolewa kama hukumu ya mahakama kwa mtu aliyepatikana na hatia. Basi mhalifu hachapwi, mchelewaji wa S.2 ndiye achapwe?

Walimu wana neno moja wanalolipenda: "Mimi niko hapa badala ya mzazi." Sawa. Mzazi wa mtu wa miaka 21 ana ruhusa gani ya kisheria ya kumlaza chini? Mtu mzima akimpiga mtu mzima mwenzake, hapa Owino tunaita polisi, na kitabu cha makosa ya jinai kinaita shambulio. Ukiacha jeraha, kosa linakuwa kubwa zaidi. Geti la shule halibadilishi hilo.

Watasema alisaini kanuni za shule. Karatasi ya shule haiwezi kuishinda Katiba. Shule ina njia nyingine: kumwita, kumpa kazi ya kufanya, kumsimamisha, hata kumfukuza kwa utaratibu. Na hapo, nakubali, ndipo hofu yetu ilipo. Akilalamika anaweza kupoteza nafasi, na mfadhili anataka barua ya tabia njema kutoka kwa mkuu yule yule wa shule.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, msinipe bango lingine la kubandika ukutani. Ninyi ndio mnaolipia fizi. Andikeni kwenye makubaliano yenu na shule kwamba mwanafunzi mnayemlipia hapigwi, awe na miaka 12 au 25, na kwamba akilalamika hafukuzwi kwa sababu hiyo. Na pale kwenye meza ya ulinzi wa watoto, mtu wa miaka 19 akija na mgongo umevimba, msimrudishe nje. Andikeni kesi yake, mpelekeni kwa mwenzenu anayehusika.

Wazazi nao, wale wanaopiga simu shuleni, "mumuchape tu, huyo kichwa ngumu": mnampa mwalimu kitu ambacho hata ninyi hamna. Mimi mwenyewe nilichapwa sana Kongo. Nakumbuka fimbo, somo silikumbuki.

Aliyepigwa afanye hivi, na afanye siku hiyo hiyo, kabla alama hazijafutika. Aende polisi aombe fomu ya PF3, daktari aijaze, airudishe polisi. Fomu hiyo haiuzwi. Akiwa mtu mzima haitaji mlezi wa kusaini, analalamika kwa jina lake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa njia ya kwenda mahakamani. Refugee Law Project wanatoa ushauri wa sheria bure, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda inapokea malalamiko bila wakili.

Kijana wetu amefika nusu ya njia hiyo. Fomu anayo, daktari ameijaza, iko ndani ya begi lake katikati ya madaftari. Bado hajairudisha polisi. Mitihani yake inaanza baada ya wiki mbili, na msimamizi wa mitihani ni mwalimu wa nidhamu.