Kidari cha Bata Mzinga Bila Oveni!

Wiki hii tunaingia jikoni. Na nyie wapangaji wa chumba kimoja hapa Tunduma msikimbie, hii ni yenu hasa.

Kuna watu wanaamini bata mzinga ni ndege wa hotelini, au wa Wamarekani wanaomla Alhamisi ya nne ya Novemba. Wengine wakimpata wanamchemsha kama kuku wa kienyeji mpaka kidari kinakauka, unatafuna kama pamba. Halafu lawama anatupiwa ndege! Jamani, kidari kile hakina mafuta, ndiyo maana kinataka kujazwa na kuviringishwa. Tena kikikatwa kila mtu anapata kipande sawa na mwenzake. Wazee waliozoea kutengewa firigisi watanuna, lakini shemeji aliyekuja kuwatembelea hataondoka na shingo.

Mpango mzima uko hivi. Kitoe kidari mfupani kwa kisu kikali, ngozi ibaki. Kipasue kwa ubavuni bila kukitenganisha, ukifungue kama daftari, kisha kiponde taratibu kwa mchi mpaka unene uwe kama wa kidole. Paka chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na ndimu.

Cha kujaza? Kaanga vitunguu, karoti na mchicha uliokamuliwa maji kabisa, changanya na mkate uliofikichwa, karanga za kukaanga kidogo ukipenda. Uache upoe! Tandaza bila kufika kingoni, viringisha kama mkeka, ngozi iwe nje, ufunge kwa uzi wa pamba. Wa nailoni achana nao, unayeyuka.

Sasa oveni. Si unajua kupalia wali? Basi oveni unayo. Kaanga mviringo wako pande zote mpaka ngozi iwe kahawia, weka kwenye sufuria nzito na kitunguu na maji nusu kikombe, funika, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Wa kilo moja na nusu unachukua kama saa moja na nusu, na katikati ya safari ugeuze na kuongeza maji yakikauka.

Najua baridi ya Juni na Julai huku kwetu, Tunduma mpaka Vwawa, na jiko linavutia kuliingiza ndani. Wee! Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Pika uani, mwenye nyumba atapiga kelele ataacha.

Kabla hujawaita wageni, choma katikati kabisa kwa kijiti. Maji yakitoka na wekundu, rudisha motoni bila aibu, maana nyama hii mbichi itawapeleka chooni usiku kucha na hapo uchumba umeota mbawa. Mwenye kipimajoto cha nyama asubiri nyuzi 74.

Ukiipua usiwe na pupa. Uache robo saa ndipo ukate uzi, la sivyo mchuzi wote utaishia kwenye sinia. Kata vipande vya mviringo, mimina ule mchuzi wa sufuriani, weka pembeni ya wali wa Kyela. Mifupa usiwape paka, ndiyo supu ya kesho asubuhi na chapati mbili.

Tukutane wiki ijayo!