Mpiga besi wa Molo, anza na vipimo 12

Jumapili moja hapa Molo mwimbaji wetu aliamka na mafua, baridi ya hapa si unaijua, akaomba tushushe wimbo kidogo. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe kimoja, akawa tayari. Mimi mwenye besi nilibaki nikitafuta pa kuweka kidole hadi ubeti wa pili ukaisha. Wimbo niliukariri vizuri sana, kumbe siujui.

Kwa hivyo wewe uliyenunua gita la besi majuzi, na unashinda YouTube ukifukuzana na vidole vya watu, hebu weka hayo kando mwezi mmoja ujifunze bluzi.

Kodi zake (si zile za KRA) ni tatu tu, katika vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Tuseme unaanzia A. Piga vipimo vinne vya A, viwili vya D, urudi A viwili. Halafu E kimoja, D kimoja, umalize na A viwili. Kile cha mwisho wengi hukigeuza E ili mzunguko uanze tena.

Besi ina nyuzi za E, A na D tayari, kwa hivyo unaweza kuupiga mzunguko wote bila kukandamiza kitu. Usifanye hivyo, utazoea vibaya. Kandamiza freti ya tano ya uzi mnene kabisa, hiyo ni A. Uzi unaofuata, freti hiyohiyo, ni D. Songa freti mbili mbele kwenye uzi huo, umepata E. Ukilijua umbo hilo, mwimbaji akisema mshuke nusu toni, unarudisha mkono freti moja nyuma na kazi inaendelea. Acha kuziita kwa herufi, ziite moja, nne, tano. Mpiga besi anayeitwa Nakuru kushikilia nafasi ya mtu usiku mmoja hapewi wiki ya kukariri nyimbo. Anatajiwa kii, anahesabiwa nne, wanaanza.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya Wamarekani, sisi tuna mugithi na benga. Ni kweli bluzi ilizaliwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani. Lakini mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet, upande wa Kericho, wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, Mzungu wa Mississippi aliyefariki 1933, na nyimbo zake nyingi za "Blue Yodel" zimejengwa juu ya vipimo hivihivi 12. Santuri zake zilifika kwa majirani zetu kabla babako hajazaliwa. Na hizo benga unazozipenda, sikiliza tena: nyingi zinazungukia moja, nne, tano, ila kwa mpangilio wake.

Ombi kwa wanaofundisha vijana katika bendi za kanisa: msiwape wimbo bila namba zake. Mnawafunga.

Stima zikipotea jioni, egemeza kichwa cha gita kwenye mlango wa kabati, mbao zitakupa sauti ya kutosha. Hesabu vipimo kwa mdomo. Wengi hupotelea cha tisa, pale tano inapoingia. Ukipotea usisimame, endelea kuhesabu na uingie tena kwenye moja.