Deni Letu kwa Bi Kidude

Tangu Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu mzima ulimjua kwa jina la Bi Kidude, alipoitika wito wa Mola wake tarehe 17 Aprili 2013, huko Bububu, Unguja, wanamuziki wa visiwa vyetu hawakuacha kumkumbuka; na katika kumkumbuka huko, nionavyo mimi, wamefanya jema moja adhimu, na wameliacha nyuma jambo moja ambalo bibi mwenyewe, lau angelirudi leo, angeliliulizia kabla ya kuketi.

Jema lao ni kumlilia kwa kazi yake. Desturi ya pwani haiingizi ala msibani: mpiga ganuni huja kama waja wengine, akaketi jamvini, akasoma hitima, akaitikia dua, na vidole vyake vikatulia. Lakini matanga yakishaondolewa, na aila ikishapata faraja, ndipo fidla hutolewa mkobani, nyuzi za udi zikakazwa, na Muhogo wa Jang'ombe ukaimbwa na wasichana ambao hawakupata kumwona Bi Kidude ila katika picha. Hotuba za wakubwa zina taadhima yake, wala siziumbui. Ila hotuba humsifu marehemu kwa mbali, ilhali mwimbaji anayeuchukua wimbo wa marehemu hulazimika kuvuta pumzi pale alipoivuta yeye, na kwa kitambo kile akapimwa kwa kipimo chake.

Na desturi hii ya kumlilia msanii kwa nyimbo zake tulifunzwa na Bi Kidude mwenyewe. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, aliyeitoa taarab katika majumba ya watukufu na katika lugha ya Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili barazani, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari na wenziwe hadi Bombay kutia sauti katika santuri, alifariki mwaka 1950. Na Bi Kidude, aliyemsikia alipokuwa kigoli, hakuziachia nyimbo zile zizikwe pamoja naye. Aliuimba Kijiti mpaka uzeeni. Wimbo huo ni kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa mjini Unguja, muuaji wake akatorokea bara, na adhabu ikawashukia wanawake walioitwa kutoa ushahidi. Watu waliozaliwa miaka mingi baada ya Siti kuzikwa waliijua dhulma ile kwa kinywa cha Bi Kidude, na wakaikasirikia kana kwamba ilitendeka jana. Sijui takrima gani ambayo msanii aweza kumfanyia msanii mwenziwe ikaishinda hiyo.

Sasa nije kwenye upungufu wetu. Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa taarab tu, na mimi ningesema kwamba taarab haikuwa hata nusu yake. Mzaliwa huyu wa Mfagimaringo, aliyekuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia, alikuwa somo wa unyago na fundi wa msondo. Aliifunga ngoma ile ndefu kiunoni kwa kanga, ikaning'inia mbele yake baina ya miguu, akasimama akaipiga kwa viganja vitupu, huku akiimba kwa sauti kavu, nzito, isiyoomba msaada wa chombo chochote. Mwaka 2005, alipopewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, mjini Newcastle, Uingereza, walimheshimu mwanamke huyo mzima, wa udi na wa msondo. Sisi aghalabu twamkumbuka nusu: jukwaa hujazwa wapiga fidla na akodioni waliovaa suti, na wanawake wa ngoma, ambao ndio warithi wa mikono yake, huitwa dakika za mwisho kuchangamsha watu, au hawaitwi kabisa.

Najua wapo wanaosema kwamba unyago ni siri ya wanawake na haufai kuanikwa hadharani, na wengine kwamba ni jambo la aibu lililopitwa na wakati. Kwa hao wa kwanza nina heshima: mafunzo ya ndani na yabaki ndani, na wanawake wenyewe ndio wenye haki ya kuamua mpaka uwe wapi, kama Bi Kidude alivyojiamulia. Kwa hao wa pili sina udhuru wa kuwapa. Mapigo ya ngoma za msondo, vumi na kinganga ni elimu yenye kanuni zake kama maqamu za ganuni zilivyo na zake, na haikuandikwa kitabuni. Imo katika mikono ya kina mama wachache ambao umri wao haupungui.

Vyuo vyetu vya muziki vinavyofundisha udi na fidla na viwaajiri kina mama hao kwa mshahara wa mwalimu. Nayo matamasha yanayolitaja jina la Bi Kidude na yawape wapiga msondo muda uleule na ujira uleule wanaopewa wapiga udi, na majina yao yaandikwe katika ratiba, moja moja, kama yanavyoandikwa ya wengine.