Kupiga Windows mpya si kufuta: taarifa za wanachama hubaki kwenye diski

Wiki mbili zilizopita msikilizaji wetu mmoja, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, alitutumia ujumbe wa sauti. Kompyuta ya ofisi yao imekuwa ikionyesha tangazo kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Kamati imeamua ipigwe Windows upya, iuzwe kwa mwenye stesheneri pale sokoni, na fedha itakayopatikana iongezewe kununua nyingine. Swali lake lilikuwa fupi: fundi akishapiga Windows mpya, majina na namba za wanachama yanakuwa yamekwisha mle ndani?

Jibu ni hapana. Tumeona tuliandike badala ya kulisema redioni tu na kupita, kwa sababu mwaka huu swali hili linahusu kompyuta nyingi sana.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika. Watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha wamepewa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Lakini Windows 11 haizipokei rasmi mashine nyingi za zamani, kwa kuwa inataka prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo ofisi nyingi, ndani na nje ya nchi, zinaondoa kompyuta ambazo bado ni nzima. Nyingine zinauzwa, nyingine zinapewa shule, nyingine zinapigwa Linux na kuendelea na kazi. Mtumba wa kompyuta unaofika kwenye masoko yetu hutoka huko huko.

Kabla ya kumjibu katibu tulijaribu wenyewe. Hapa studio tulikuwa na kompyuta mpakato iliyotumika mapokezi kwa miaka, yenye diski ya GB 500. Tulimwomba fundi aipige Linux Mint kwa njia yake ya kila siku. Alimaliza haraka, mashine ikawaka safi, haina faili hata moja. Kisha tukawasha PhotoRec kutoka kwenye flashi. Hiyo ni programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na yeyote mwenye bando anaweza kuipakua. Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imetoa picha za vitambulisho vya wageni wetu, barua za watu walioomba kazi, na orodha ya watuma salamu pamoja na namba zao za simu. Tulitazamana. Kompyuta hiyo tulikuwa tumeahidi kuitoa kwa shule.

Sababu yake haina uchawi. Kompyuta inapofuta faili, au inapofomatiwa haraka haraka, kinachoondolewa ni orodha inayoonyesha kila kitu kimekaa wapi. Ni kama kung'oa kibao barabarani: mgeni hataiona njia, lakini nyumba ipo na wenyewe wamo. Mfumo mpya nao hukaa juu ya sehemu ndogo tu. Kwenye mashine yetu ulichukua chini ya GB 20 kati ya 500. Sehemu kubwa iliyobaki haikuguswa na kitu.

Hili limejulikana siku nyingi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Zilizosomeka zilikuwa 129, na zilizokuwa zimesafishwa sawasawa ni 12 tu. Miaka ikapita, na Septemba 2022 benki ya Morgan Stanley ikakubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Ilikuwa imeikabidhi kazi ya kuondoa diski na mashine zake kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu taarifa. Baadhi ya vifaa viliishia kuuzwa kwenye mnada wa intaneti vikiwa na taarifa za wateja ndani. Shauri hilo lilihusu wateja wapatao milioni 15. Hiyo ni benki yenye wanasheria wake na mafundi wake.

Unaweza kusema: mimi sina kompyuta, nina simu yangu tu. Lakini jina lako limo kwenye kompyuta ya chama, ya zahanati, ya shule ya mtoto, na ya stesheneri ulikopeleka kitambulisho kitolewe kopi. Kwenye ushirika huwa kuna namba ya NIDA, namba ya simu, kilo ulizopeleka ghalani, malipo yako na deni la pembejeo. Sote tumeshapokea ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Tunaucheka kwa sababu tapeli hajui anaongea na nani. Mpe orodha hiyo, atakupigia msimu wa malipo, akuite kwa majina yako matatu na kukutajia kilo zako. Hapo hata mtu makini anaweza kuamini.

Sasa kazi yenyewe. Ya kwanza ni kunakili, kwa kuwa kufuta kweli hakuna kurudi nyuma. Weka daftari la wanachama na hesabu kwenye flashi au diski mbili tofauti, uzifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Wapo waliofuta kwanza, kisha wakakuta flashi ni mbovu.

Kwa diski za kawaida, zile zenye sahani zinazozunguka, dawa ni kuandika juu ya diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha. Habari za kurudia mara saba ni za zamani. Kama mashine inauzwa na Windows yake, nenda kwenye sehemu ya kurejesha kompyuta, chagua kuondoa kila kitu, halafu ingia kwenye mipangilio ya ziada na uwashe kipengele cha kusafisha diski. Hicho cha mwisho ndicho mafundi wengi hukiruka. Fundi anayeanza upya kwa flashi anaweza kutumia diskpart, kwa amri ya "clean all". Akiandika "clean" peke yake ameng'oa kibao tu. Na aangalie mara mbili ni diski ipi aliyoichagua, isije ikawa ile yenye nakala zenu.

Diski za SSD zina tabia nyingine. Huhamisha maandishi ndani kwa ndani na kuweka akiba ya nafasi usiyoiona, hivyo kuandika juu yake kunaweza kuacha mabaki. Hizo zifutwe kwa amri ya usalama iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo hupatikana kwenye programu yake au, kwa baadhi ya mashine, kwenye BIOS. Diski iliyokufa haifutiki kwa programu: toboa sahani zake, na kama ni SSD, ponda kila chipu.

Ugumu mkubwa tulioukuta uko kwenye malipo. Kufuta diski ya GB 500 kunaweza kuchukua saa mbili na zaidi, na umeme ukikatika unaanza upya. Fundi hulipwa kwa mashine, halipwi kwa saa. Hana sababu ya kukaa na mashine moja asubuhi nzima wakati foleni ipo, na mteja hataona tofauti yoyote kwenye kioo. Hatumlaumu. Kamati ndiyo inayotakiwa kusema mapema kwamba inataka diski nzima ifutwe, iulipie muda huo, na mjumbe mmoja akae pale mpaka iishe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Chama cha msingi kinachoandika namba za NIDA kinakusanya taarifa za watu, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja. Mwanachama ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: ile kompyuta ya zamani ilikwenda wapi, na diski yake ilifanywa nini?

Katibu alitupigia tena juzi. Fundi wao alitaka nyongeza, kamati ikaona ni ghali, wakaamua kuing'oa diski na kuiuza kompyuta bila hiyo. Mwenye stesheneri amekubali, ila amepunguza bei. Diski iko kwenye sanduku la chama pamoja na mihuri, na ubishi uliobaki ni nani akae na ufunguo.