Pikipiki ya bodaboda: Bei ya dukani si bei ya barabarani

MABISHANO kuhusu pikipiki iliyo bora hayaishi katika vijiwe vya bodaboda vya Dar es Salaam. Boxer na TVS zina mashabiki wanaotetea upande wao kwa ari ileile inayoonekana kati ya Simba na Yanga. Pembeni yao wapo wanaoshikilia kuwa Haojue ya China inatosha, na wazee wachache wanaoapa kwamba hakuna pikipiki iliyowahi kuifikia Honda.

Kwa mpita njia, hizo ni porojo za kusubiria abiria. Hata hivyo, ndani yake limo swali zito la kiuchumi. Kwa vijana wengi wa mijini, pikipiki ndiyo mali ya kwanza ya thamani wanayotarajia kuimiliki, na wengi huilipia kidogo kidogo kwa jasho la kila siku. Anayechagua vibaya haligundui kosa siku ya kununua. Huligundua miezi kadhaa baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi la fundi.

Historia ya soko hili katika Afrika Mashariki kwa takriban miaka 20 iliyopita inafundisha jambo moja. Pikipiki iliyotawala barabara haikuwa yenye injini bora kuliko zote, wala yenye bei ndogo kuliko zote. Ni ile ambayo ikiharibika asubuhi, jioni imerudi kazini.

Uimara wa Kijapani

Kabla ya bodaboda kuenea, pikipiki katika miji na vijiji vya Tanzania zilikuwa chache na wenye nazo walijulikana. Zilikuwa za mabwana shamba, mapadri, waganga wa zahanati na maofisa wa miradi ya wahisani. Aina zilizotamba ni Yamaha DT na AG 100, pamoja na Honda XL, zilizoundwa kuhimili vumbi, matope na njia za mashambani.

Uimara wake haukuwa hadithi. Zipo zilizotumika kwa miongo kadhaa zikipita mikononi mwa madereva wengi. Lakini zilinunuliwa na taasisi, si watu binafsi. Bei yake haikukaribia mfuko wa kijana wa mtaani, na vipuri vyake vilipatikana kwa mawakala wachache, mara nyingi kwa kuagiza. Taasisi inaweza kusubiri kipuri kwa wiki tatu. Mtu anayekula kutokana na safari za siku hiyohiyo hawezi.

Biashara ya bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako abiria walivushwa kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Usafiri huo ulipoanza kuhama kutoka baiskeli kwenda kwenye injini, walihitajika wauzaji wa pikipiki nyepesi, ya bei ya chini na inayoweza kutengenezwa chini ya mti. Waliowahi kuijaza nafasi hiyo hawakutoka Japani.

China yafungua mlango

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, meli zilileta pikipiki kutoka China kwa wingi usiokuwa umeonekana. SanLG, T-Better, Toyo, Fekon na Kinglion yakawa majina ya kawaida, kiasi kwamba taarifa za polisi za ajali na wizi zilizochapishwa magazetini hazikukamilika bila maneno “pikipiki aina ya SanLG”.

Serikali nazo zilichangia. Mwaka 2008 Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya cc 250. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2010, ilizitambua rasmi pikipiki na bajaji kama vyombo vya kubeba abiria kwa leseni. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kujificha ikawa ajira halali.

Siri ya pikipiki nyingi za Kichina za wakati huo ilikuwa injini isiyo ya Kichina kwa asili. Ilikuwa nakala ya Honda CG125, pikipiki iliyotolewa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo wahandisi walijua kuwa oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya mnyororo wa ndani unaozungusha vali kutoka juu ya injini, Honda ilitumia vijiti vya kusukuma vali. Njia hiyo ni ya kizamani, lakini ni rahisi kufungua, kufunga na kusamehe uzembe.

Kwa fundi wa Manzese au Mbagala, hiyo ilikuwa neema. Aliyejifunza injini moja alikuwa amejifunza injini za kampuni nyingi, na vipuri vya chapa moja mara nyingi viliingia kwenye nyingine.

Udhaifu ulijitokeza kwingine. Nakala ilifuata umbo la Honda lakini si ubora wa chuma chake. Minyororo ililegea, nyaya zilikatika, fremu zilipasuka kwenye maungio na rangi ikabanduka. Baya zaidi, chapa nyingi zilikuwa za mwagizaji tu. Alipoacha kuagiza, jina likafa na mteja akabaki bila wa kumwuliza.

Si zote zilizostahili lawama hiyo. Haojue, ya Jiangmen katika jimbo la Guangdong, ni kampuni kubwa iliyoshirikiana na Suzuki, na heshima inayopewa vijiweni inatokana na ubora wake. Kuziweka pikipiki zote za China katika kapu moja ni kosa la mabishano, si la uchambuzi.

Hali hiyo haikuwa ya Afrika Mashariki pekee. Vietnam iliipitia mapema zaidi. Mwaka 2000 na 2001 pikipiki za bei poa kutoka China zilifurika huko na kuinyang'anya Honda sehemu kubwa ya soko. Mwaka 2002 Honda ilijibu kwa Wave Alpha, pikipiki iliyopunguzwa gharama ili iuzwe kwa bei ya kushindana. Wanunuzi waliokwisha kuchoshwa na matengenezo walirudi. Tofauti ni kwamba huku, aliyevuna uchovu huo hakuwa Mjapani.

India yaleta vipuri

Waliovuna ni Bajaj Auto ya Pune na TVS ya jimbo la Tamil Nadu. Kampuni zote mbili zilisomea kwa Wajapani. Bajaj ilishirikiana na Kawasaki kwa miaka mingi, na Boxer za kwanza zilibeba majina ya kampuni zote mbili. TVS ilikuwa na ubia na Suzuki hadi mwaka 2001. Zilipoingia kwa nguvu Afrika Mashariki, zilileta ufundi wa Kijapani uliokwisha kupimwa katika barabara za India, ambako pikipiki hubeba familia nzima na mzigo wa sokoni kwa pamoja.

Bajaj ilikuwa na faida ya ziada. Pikipiki zake za magurudumu matatu zilienea mno mijini Tanzania hata jina la kampuni likageuka nomino ya kawaida: bajaji. Hivyo jina hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha kabla Boxer haijashika vijiwe.

Hata hivyo, jina halitengenezi pikipiki. Kilichoipa Boxer utawala mjini Kampala, na TVS utawala mjini Kigali, ni mtandao wa vipuri na mafundi. Mahali ambapo kila duka la mtaa lina klachi, ringi za pistoni na sproketi za aina moja, kila mnunuzi mpya anavutwa upande wa aina hiyo, na kila fundi kijana anajifunza kwa kuifungua hiyo. Wingi unazaa wingi. Ndiyo maana miji miwili inayotofautiana kidogo tu kwa mahitaji inaweza kuwa na mabingwa wawili tofauti.

Mtandao huohuo ndio unaolinda bei ya kuuza tena. Boxer iliyotumika kwa miaka mitatu hupata mnunuzi haraka kwa sababu mnunuzi anajua atakapopata vipuri vyake. Pikipiki ya chapa iliyotoweka, hata kama injini yake bado inavuta, huuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Ushindi huo nao una kivuli chake. Chapa inayopendwa ndiyo inayoigwa, na maduka ya vipuri yamejaa bidhaa bandia zenye nembo za Kihindi. Dereva anayenunua mnyororo bandia kwenye pikipiki halisi amejirudisha palepale alipokimbia.

Nguvu na mafuta

Katika mabishano ya vijiweni, ukubwa wa injini hutajwa kama cheo. Mwenye cc 150 humdharau mwenye cc 100. Lakini uwezo wa injini una maana pale tu unapolingana na kazi. Kwa safari fupi za tambarare za Kinondoni au Temeke, injini ya cc 100 hadi 125 inatosha, na mafuta yanayookolewa ni sehemu ya faida. Katika vilima vya Mwanza na Mbeya, au kwa anayebeba magunia ya mkaa, injini ndogo hulazimishwa kufanya kazi katika gia za chini muda mwingi. Hapo hutumia mafuta zaidi ya ilivyotarajiwa na huchakaa mapema.

Takwimu za kiwandani za kilomita kwa lita hupimwa katika hali ambayo haifanani na foleni ya Ubungo, abiria wawili na tairi lenye upepo pungufu. Madereva wazoefu hupima kwa namna yao: hujaza tangi asubuhi, hufanya kazi, na jioni huangalia kimebaki nini mkononi baada ya kujaza tena. Kipimo hicho kinahesabu kila kitu ambacho tangazo halikihesabu.

Nani anaumia?

Katika ulinganisho wa chapa, mara nyingi husahaulika kwamba anayechagua pikipiki si lazima awe ndiye anayeiendesha. Madereva wengi hufanya kazi kwa hesabu, yaani kumpelekea mmiliki kiasi maalumu kila siku, au kwa mkataba, ambapo baada ya kipindi kilichokubaliwa pikipiki huwa mali ya dereva. Katika mikataba mingi gharama za matengenezo ni za dereva, na hesabu haisimami kwa sababu pikipiki iko gereji.

Uchukuliwe mfano wa mkataba wa Sh10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Jumla yake ni Sh3,120,000. Iwapo pikipiki inalala kwa fundi siku tatu kila mwezi, hizo ni siku 36 kwa mwaka. Dereva anadaiwa Sh360,000 kwa siku ambazo hakuingiza hata shilingi. Kama kwa kawaida hubakiwa na Sh8,000 kwa siku baada ya hesabu na mafuta, amepoteza Sh288,000 nyingine. Jumla ni Sh648,000, kabla hajalipa fundi wala kununua kipuri kimoja.

Sasa ichukuliwe kwamba mmiliki aliokoa Sh500,000 dukani kwa kuchagua chapa ya bei nafuu. Kwa mahesabu hayo, akiba hiyo imemezwa kabla ya mwezi wa 10 kwisha. Lakini aliyeokoa na aliyepoteza ni watu wawili tofauti. Mmiliki amefaidi bei ya dukani, na dereva amelipa bei ya barabarani.

Hapo ndipo mabishano ya vijiweni yanapopata uzito. Kijana anayekataa mkataba wa pikipiki asiyoiamini haringi; anakataa kubeba hasara ya uamuzi wa mtu mwingine.

Mtihani wa umeme

Swali hilohilo linarudi kwa sura mpya. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kibiashara mwaka 2019 kwa pikipiki za umeme ambazo dereva hubadilishiwa betri kituoni badala ya kusubiri ichajiwe. Kenya nayo ina kampuni kama Roam na Spiro. Serikali ya Rwanda iliamua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme.

Sifa zake ni za kweli. Hakuna oili ya injini, kabureta, plagi wala klachi ya kuchakaa, na umeme wa kwenda kilomita moja ni nafuu kuliko petroli. Lakini sehemu ghali kuliko zote ni betri, na katika mipango mingi betri hubaki mali ya kampuni. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haitumiki kwenye pikipiki ya nyingine. Dereva aliyekuwa akichagua kati ya vituo kumi vya mafuta anajikuta ana muuzaji mmoja wa nishati, anayepanga bei na mahali pa vituo.

SanLG iliyoachwa na mwagizaji bado iliweza kuokolewa na fundi wa mtaani mwenye kipuri cha chapa nyingine. Pikipiki ya umeme iliyoachwa na kampuni yenye betri zake haina mwokozi wa namna hiyo. Nchi zinazotaka kuhamia umeme zingefanya vyema kudai mapema viwango vya pamoja vya betri, kabla vijana hawajaingia mikataba ya miaka kwa vyombo vinavyotegemea kampuni moja.

Kwa sasa, mnunuzi mwenye busara hana budi kuanza na maswali ambayo hayamo kwenye tangazo. Duka la vipuri lililo karibu liko wapi? Mafundi wangapi wa mtaa wanaifahamu injini hiyo? Iliyotumika miaka mitatu inauzwaje? Na ikilala gereji, nani anaendelea kulipa hesabu? Majibu ya maswali hayo hutofautiana kati ya Mwanza na Mtwara, na ndiyo sababu hakuna chapa moja itakayoyamaliza mabishano ya vijiweni.