Mtoto Kumpita Baba: Kipimo Kisichotosha

Katika sherehe za kuwaaga wanafunzi hakosekani msemaji wa kutukumbusha kwamba vijana walioketi mbele yake wamewapita wazazi wao. Baba aliishia darasa la nne, mwana amemaliza kidato cha nne. Mama hakuingia shuleni kabisa, binti anakwenda chuoni. Makofi hupigwa, na hesabu hufungwa hapo. Sisi hatuyakatai makofi. Tunalolikataa ni kuifunga hesabu mapema, maana pishi inayotumiwa kupimia ina kasoro, na kila aendaye sokoni anajua kwamba pishi mbovu humpunja mmoja ikamneemesha mwingine.

Kwanza tukiri lililo kweli. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Novemba 1974 ilikatwa shauri mjini Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 azimio hilo likaanza kutekelezwa nchi nzima. Ada iliyorudishwa katika miaka ya 1980 iliondolewa tena katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 ikaondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Asiyeyaona haya ana inda.

Hata hivyo, msafara mzima ukisogea hatua kumi, aliye nyuma naye amesogea. Lakini bado yu nyuma. Kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka 1975 aliweza kuchukuliwa na kufunzwa ualimu ili mpango wa Musoma upate walimu. Leo hati hiyohiyo haimfikishi hata kwenye mlango wa chuo cha ualimu. Kwa hiyo, kusema kwamba mtoto ana miaka mingi ya shule kuliko baba yake si kusema kwamba amepata nafasi bora kuliko ya baba yake. Swali la haki ni jingine: je, mahali alipo mtoto katika msafara pangali panaamuliwa na mahali alipokuwa mzazi wake?

Swali hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2007 Tom Hertz na wenzake walichapisha uchunguzi wa nchi 42 uliolinganisha masomo ya wazazi na ya watoto kwa muda wa miaka 50. Walitumia namba ambayo 0 maana yake ni kwamba masomo ya mzazi hayaashirii lolote juu ya masomo ya mtoto, na 1 maana yake yanaashiria kila kitu. Katika miaka hiyo 50 shule ziliongezeka karibu kila mahali, lakini wastani wa namba hiyo ulibaki palepale, kiasi cha 0.4. Nchi za Amerika ya Kilatini ndizo zilizokuwa na kifungo kikubwa zaidi kati ya mzazi na mtoto. Nchi za kaskazini ya Ulaya ndizo zilizokuwa na kidogo zaidi. Basi kifungo hiki si amri ya maumbile. Kimefungwa na watu, nao watu waweza kukilegeza.

Kwetu kinafungwa wapi? Tutazame lugha. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akivuka kuingia sekondari hukuta masomo yakitolewa kwa Kiingereza. Mtoto wa wazazi waliosoma amekwisha kuandaliwa: ama alipelekwa tangu darasa la kwanza katika shule ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza, ama nyumbani yupo wa kumfafanulia. Mtoto wa mkulima huanza kidato cha kwanza kwa kunakili asichokielewa. Wote wawili, wakimaliza miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, wataandikiwa miaka 11. Pishi yetu haioni tofauti yoyote kati yao.

Tutazame pia ardhi. Mwaka 2021 Alberto Alesina na wenzake walichapisha uchunguzi wa sensa za nchi 27 za Afrika. Waligundua kwamba tofauti za mahali na mahali katika uwezo wa watoto kuwapita wazazi wao zinaelezwa, kiasi cha nusu, na kujua kusoma kwa kizazi kilichotangulia. Tena mahali palipopitiwa na reli za wakoloni au palipojengwa misheni pamezidi kuwa mbele. Nani kati yetu asiyejua habari za shule za misheni za Kilimanjaro na Bukoba? Mtoto aliyezaliwa mbali na reli ya jana angali analipa nauli yake leo.

Kasoro ya pili ya pishi hii ni dharau. Mzazi huulizwa alifika darasa la ngapi. Asiyefika huandikiwa sifuri. Mzee wa pwani aliyefundishwa chuoni kuisoma Kurani, akaandika barua na hesabu za chombo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ni sifuri. Mama aliyejifunza kusoma katika darasa la kisomo, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye ni sifuri, ingawa ni kwa juhudi za watu kama yeye kwamba hesabu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha wasiojua kusoma wamepungua hata kuwa chini ya asilimia 10. Wako watakaosema kwamba tunayatukuza ya kale ili tuikimbie shule. La hasha! Shule twaitaka. Tunalopinga ni kulifuta jasho la wazazi ili hatua ya mtoto ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Kwa nini tunayashikilia haya? Kwa sababu kipimo ndicho kinachoamua nani alaumiwe. Tukiridhika kwamba wote wamepewa nafasi na wote wamewapita wazazi wao, basi mtoto wa mkulima aliyeshindwa mtihani ataambiwa kwamba amejitakia, naye ataamini.

Walimu, hatuna budi kuuliza swali jingine shuleni mwetu: kati ya wanaochaguliwa kuendelea kidato cha tano, wangapi ni watoto wa wazazi ambao hawakupata kuketi darasani? Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani msiwaulize babu na bibi walifika darasa la ngapi tu. Waulizeni walijifunza nini, kwa nani, na nini kiliwazuia kuendelea. Yaandikeni majibu yao.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Walieleza hali waliyoiona. Taifa lililojitangazia usawa litapimwa kwa jambo moja: kama mwana wa mvukuta naye aweza kusana.