Alama za watoto si za kujaribia

Wenzetu wa ualimu wanatengeneza tovuti ya kutunza alama za wanafunzi, eti mpaka sehemu ya kuhifadhi data waiandike wenyewe. Mi napinga. SQLite ipo, maktaba ya programu ya bure aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, na PHP inaongea nayo vizuri tu. Alama za darasa zima ziwekeni kwenye muamala mmoja: umeme ukikatika katikati (ndio, hata huku jirani na gesi ya Mnazi Bay), zinaingia zote au haziingii kabisa. Faili la kujitungia linaweza kubaki na nusu darasa. Sasa mtoto wa Msimbati aliyepotelewa na alama zake atamdai nani?